Talaka ya Mshereheshaji

Katika mji ule, harusi isiyo na Kipaza haikuwa harusi, ilikuwa kikao cha watu wenye nguo mpya. Ndivyo walivyosema wenyewe, na sina ubavu wa kuwabishia. Kipaza lilikuwa jina la utani la mshereheshaji mmoja mrefu, mwenye koti la zambarau na sauti ambayo ukiisikia unajikuta unapiga makofi kabla hujajua umeambiwa nini. Pembeni yake, tangu enzi za kumbi kupambwa kwa karatasi za rangi, alikuwepo mkewe. Watu walimwita Mpambaji kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya: alivalisha viti vitambaa, alisimamisha matao ya maua, alitandaza zulia, kisha akasimama kando na kikapu chake cha maua akingoja ishara.

Ishara yenyewe ilikuwa maneno mawili tu. Kipaza akishasema "na sasa," Mpambaji alisogea mbele akanyoosha chochote kilichopinda: shela ya bibi harusi, ua la kifuani kwa bwana harusi, na mara nyingi tai ya Kipaza mwenyewe, ambayo haikuwahi kukaa sawa tangu ilipotoka dukani. Hakuhitaji kufikiri. Mikono ilikwenda yenyewe, kama mkono wa mama unavyokwenda puani kwa mtoto mwenye mafua. Walifanya hivyo miaka ishirini na ushei, na hakuna aliyewahi kuona zulia limekunjamana wala maneno yamekwama.

Basi hao ndio walioachana. Walimwengu wakasema mganga hajigangi, wakacheka, wakatafuta mchawi ni nani. Wengine walisema Kipaza ana mwanamke, wengine wakasema Mpambaji kapata tajiri. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda hicho kilikuwa na kunguni mmoja tu, ila alikuwa na sauti nzuri sana.

Yote yalianzia kwenye harusi ya msichana mmoja mchangamfu, mwenye mwanya. Katikati ya sherehe bibi harusi yule alimwita Mpambaji mbele ya watu, akamuuliza, shangazi, ninyi mmekaa miaka yote hii, siri ya ndoa ni nini. Mpambaji alikuwa na jibu. Tena halikuwa jibu la kubahatisha. Alikuwa amelitafakari miaka mingi akiwa amechuchumaa chini ya meza akibana vitambaa kwa pini. Akafungua kinywa. Kabla pumzi haijatoka, spika zote za ukumbi zikaunguruma.

"Mke wangu anasema, siri ni uvumilivu."

Makofi yakalipuka, vigelegele vikafuata, na Mpambaji akabaki na kinywa wazi na ua moja mkononi. Uvumilivu! Neno hilo asingelitamka hata kidole kingebanwa mlangoni. Akafunga kinywa taratibu, akatazama ukumbi ule unaomshangilia kwa jambo ambalo hakulisema, na moyoni akakata shauri. Usiku ule alikunja vitambaa vyake vyote kwa utulivu ambao ungemtisha Kipaza, kama Kipaza angekuwa mtu wa kuangalia.

Ofisi ya wakili ilikuwa juu ya duka la rangi za nyumba, na ngazi zake zilinuka tapentaini. Wakili mwenyewe alikuwa binti mdogo mwenye miwani, na feni yake iligeuka upande mmoja tu, kwa hiyo mteja alipata upepo na wakili akapata joto. Mpambaji aliingia akiamini talaka ni kama chanjo: unapanga foleni, unavumilia sindano, unarudi nyumbani na kadi. Alikuwa ameacha maua kwenye ndoo huko nje kwa matumaini ya kumaliza kabla hayajanyauka.

Wakili akamwambia ayatafutie kivuli. Kisha akamweleza polepole, bila kujifanya anajua sana. Kwa kuwa walifunga ndoa kwa msajili, alisema, talaka haitolewi na mume wala haichukuliwi na mke. Inatolewa na mahakama. Na mahakama haitakusikiliza kabla hujapita kwenye baraza la usuluhishi, ambalo litajaribu kuwapatanisha. Likishindwa, litakupa hati ya kusema limeshindwa. Ukiwa na hati hiyo tunafungua ombi mahakamani, mumeo anapelekewa nakala na kupewa nafasi ya kujibu, halafu mnapangiwa siku ya kusikilizwa. Hakimu atataka kujua jambo moja kubwa: je, ndoa hii imevunjika kiasi cha kutotengenezeka? Mengine ni watoto na mali. Mtoto wao alikuwa mmoja, mtu mzima, ana kazi yake mji mwingine, kwa hiyo hapo hapakuwa na shida.

Mpambaji akauliza kama ni lazima mume awe na kosa. Wakili akamjibu kwamba kipigo, uzinzi, kutelekezwa, hayo yote humsaidia hakimu kuona kilichovunjika, lakini si kila ndoa huvunjika kwa kishindo, na kazi ya Mpambaji ni kueleza ya kwake ilivyovunjika. Akachukua kalamu, akamuuliza mumewe anafanya nini.

"Anaongea," alisema Mpambaji.

Kalamu ikasimama. "Anakutukana, mama?"

"Hapana. Ananisifu."

Wakili hakucheka, na kwa hilo Mpambaji alimpenda papo hapo. Alisogeza kiti, akaisogeza feni karibu zaidi na mgeni, akamwambia aendelee. Na Mpambaji aliendelea kidogo, kwa kukwamakwama, akatazama mlangoni mara mbili kana kwamba kuna mtu atakayeingia kummalizia sentensi.

Shangazi yake, dada wa marehemu baba, mama muuza ndoo na mabeseni asiyejua kunong'ona, alipopata habari alikuja mbio na dawa yake mfukoni. Mwanangu, alisema, wewe sema anakupiga. Kofi moja tu linatosha, si lazima liwe kubwa. Mpambaji akamkumbusha kwamba Kipaza ni mtu aliyelia kuku wao alipokufa. Shangazi akasema basi aseme ana mwanamke, na kama hana, yeye anamfahamu mmoja asiyekuwa na kazi ya maana, anaweza kuazimwa jina.

"Shangazi," Mpambaji akamwambia, "nikienda kusema uongo, nitakuwa nimekwenda tena kusema maneno ya mtu mwingine. Hayo nimeyasema ya kutosha."

Shangazi akasema hewala, ila ukishindwa na ukweli wako, kofi langu bado lipo.

Ilibaki kumwambia mwenyewe. Alimkuta jikoni akipiga viatu rangi, huku akifanyia mazoezi hotuba ya harusi ya Jumamosi mbele ya sufuria. Mpambaji akamwambia wazi kwamba anataka talaka. Kipaza aliweka brashi chini. Macho yake yalijaa huruma, huruma ya kweli kabisa, maana huyu hakuwa mtu mbaya, na tusije tukamsingizia. "Umechoka, mke wangu," alisema. "Unachotaka wewe ni kupumzika." Na alipoambiwa habari za baraza akasema hamna neno, atakwenda, tena yeye ndiye atakayeeleza, kwa kuwa anajua mkewe huona haya mbele za watu. Mpambaji alitoka nje, akakaa kwenye kibaraza, akacheka peke yake mpaka jirani akauliza kuna nini.

Baraza lilikaa katika chumba cha nyuma cha ofisi ya mtaa, chumba chenye meza ndefu, jagi la maji na kalenda ya mwaka uliopita. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mpole mwenye tabia ya kuwatazama watu juu ya miwani. Kushoto kwake alikaa seremala, kulia kwake muuguzi. Mwenyekiti akawakaribisha, akasema anaomba kusikia kilichowaleta. Hakuwa amefunga mdomo vizuri, Kipaza akawa ameshasimama na kufunga kifungo cha koti.

Jamani, aliongea. Alianza na siku alipomwona Mpambaji akibeba ngazi begani, akasema siku hiyo alijua kwamba atakayebebewa ngazi na mwanamke huyu hatashindwa kupanda. Akasimulia mvua iliyoangusha hema, na Mpambaji alivyopamba harusi nzima upya kwa mapazia ya mjomba wa bwana harusi. Akaeleza hata kwa nini mkewe anataka talaka, na alieleza vizuri kuliko ambavyo yeye mwenyewe angeweza, ila sababu zote hazikuwa zake. Muuguzi alitafuta kitambaa. Seremala alikuwa anatikisa kichwa kama aliye ibadani. Mpambaji naye, Mungu amsamehe, alikuwa anatabasamu, maana hotuba nzuri ni hotuba nzuri hata kama inakuzika.

"Na sasa, waheshimiwa..." alisema Kipaza.

Mpambaji akainuka. Akapiga hatua, akashika tai ya mumewe, akainyoosha, akapangusa kola kwa kiganja, akarudi kukaa. Hakujua amefanya nini mpaka alipoona chumba kizima kimenyamaza.

Mwenyekiti alivua miwani. Akauliza kwa upole, mama, ndiyo ndoa iliyovunjika hii? Seremala akaangua kicheko, muuguzi akafuata, na Kipaza akacheka kwa fahari, na Mpambaji akaitazama mikono yake miwili kama watoto waliomwaibisha mbele ya wageni. Alitaka kueleza, lakini maneno yalikataa kutoka. Baraza likaandika kwamba wanandoa wameonekana kuwa na mapenzi, na kwamba warudi nyumbani. Njiani Kipaza alimnunulia soda.

Wakili alipohadithiwa habari ile alijitahidi, alijitahidi sana, lakini ilipofika kwenye kupangusa kola alishindwa. Alilaza kichwa mezani. Mpambaji naye akacheka mpaka mbavu zikauma, wote wawili, juu ya duka la rangi, na muuza rangi wa chini akagonga dari kwa fimbo ya ufagio. Kisha Mpambaji akafuta macho akauliza kama ndiyo basi, amefungwa maisha kwa sababu ya tai.

Hapana, alisema wakili. Baraza halifungi mlango, linajaribu tu kukurudisha ndani. Unaweza kuomba likae tena. Ila safari hii ufuate utaratibu, maana mara ya kwanza haukufuatwa. Mpambaji akauliza utaratibu gani.

"Mwombaji ni wewe," alisema wakili. "Na mwombaji ndiye anayeanza kusema."

Mpambaji akamwomba arudie. Wakili akarudia. Akauliza, na mwingine akiwa hapo anafanya nini wakati huo? Anasikiliza, akajibiwa. Na akikatiza? Mwenyekiti atamnyamazisha. Hata yeye? Hata angekuwa waziri, mama. Na mahakamani je? Mahakamani ni hivyo hivyo, tena huko hakimu ataandika kila unachosema, na ukienda haraka atakwambia usubiri kalamu ikufikie.

Miaka yote Mpambaji alidhani sheria ni jambo la kutisha, la watu wenye makoti meusi kugombana kwa maneno magumu. Kumbe kulikuwa na nyumba nzima ya serikali, yenye viti, mlinzi na bendera mlangoni, ambamo watu walikaa wakapanga kwamba mwanamke atasema wa kwanza, na kwamba atangojwa mpaka amalize. Alishuka ngazi zile akihisi mwepesi. Alifurahi sana, na furaha yenyewe ilimtia aibu, kwa kuwa haikumfaa mtu anayekwenda kuachika. Lakini ndivyo ilivyokuwa, sasa tufanyeje?

Siku moja kabla ya harusi nyingine waliyoitwa kuipamba, mchana, alikuwa peke yake ukumbini. Viti vyote vilikuwa vimeshavaa vitambaa vyeupe, vimekaa kwa safu, vimetulia kama wageni wenye adabu. Kipaza cha mumewe, kile cha chuma, kilikuwa mezani, na waya wake haujachomekwa popote. Mpambaji akakichukua. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Akasimama mbele ya viti, akapiga moyo konde, akaanza kuvieleza viti vile kwa nini anataka talaka.

Mwanzo sauti ilitoka kama ya mtu anayeuliza choo kilipo. Akakohoa, akaanza upya. Vikamsikiliza. Akavielezea habari za kliniki alikopelekwa mwaka alipougua, na alipofika hapo sauti ikawa inatoka tumboni, na mkono wa pili ukawa unapunga wenyewe. Alipomaliza alisikia mtu anakohoa. Alikuwa mlinzi wa ukumbi, kasimama mlangoni na sahani yake ya chakula. Akaomba radhi, akasema hakukusudia, ila angependa tu kujua kama mgongo ulipona. Mpambaji akamwambia ulipona. Mlinzi akasema alhamdulillahi, akaenda kula.

Baraza lilipokaa mara ya pili, Mpambaji aliingia wa kwanza na akaikalia mikono yake. Aliikalia kwelikweli, viganja chini ya mapaja, ili isije ikamponza tena. Mwenyekiti akamuuliza kama ana raha hivyo, naye akasema ana raha sana. Akaomba, kwa kuwa yeye ndiye mwombaji, aseme wa kwanza. Mwenyekiti akakubali. Kipaza, aliyekuwa amekwishashika kifungo cha koti, akakiachia.

Akaanza. Akasema mumewe hampigi, hamtukani, hamnyimi. Akasema hana mwanamke mwingine, na kama anaye basi maskini huyo naye anasikiliza hotuba.

"Anachotaka kusema mke wangu—" alisema Kipaza.

"Bwana," alisema mwenyekiti, "anachotaka kusema anakisema."

Muuguzi akajifunika mdomo. Mpambaji akavuta pumzi. Hakuna mtu aliyewahi kusema jambo hilo kwa ajili yake, na almanusura alie. Badala yake akasema lile alilolisema mbele ya viti.

"Mwaka ule nilipougua, alinipeleka kliniki. Alinibeba, siwezi kusema hakunibeba. Daktari akaniuliza, mama, wapi panauma? Yeye akajibu, tumboni, daktari, mke wangu tumbo linamsumbua. Nikapewa dawa za tumbo. Nikazinywa zote. Ulikuwa mgongo, waheshimiwa. Nilinyanyua ngazi vibaya, ukashtuka. Nikalala siku zile nikitazama dari, najiuliza, hivi mimi nikifa, huyu atawaambia watu nimekufa na nini? Tangu hapo nimekuwa nikiishi ndani ya maneno yake. Ni maneno mazuri, hata mimi huyapenda. Lakini mle ndani simo."

Safari hii seremala hakutikisa kichwa. Mwenyekiti alimgeukia Kipaza, akamwambia sasa ni zamu yake.

Kipaza alisimama. Watu waliomjua wangesema huyu sasa ataanzia mbali, atatoa methali, atawafanya wote walie. Alifungua kinywa, akamtazama mkewe, akakifunga. Akakifungua tena.

"Ulikuwa mgongo?" aliuliza.

"Mgongo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza," alisema Mpambaji. "Ulimwambia daktari."

Kipaza akakaa. Akakaa kama mtu aliyekuwa anapanda ngazi akakuta kidato hakipo. Mwenyekiti akamwacha atulie, kisha akamuuliza Mpambaji swali ambalo kazi yake ilimtaka aulize: sasa mumewe amesikia, je, hawezi kurudi wakajaribu tena? Mpambaji alilifikiria swali lile kwa haki, kwa kuwa lilikuwa limeulizwa kwa haki. Akasema anamheshimu, na tena labda anampenda, lakini anajijua. Akirudi atanyamaza. Si kwa kulazimishwa, kwa mazoea tu, kama mikono hii aliyoikalia. Anataka kuishi mahali ambapo sauti yake ndiyo ya kwanza kusikika asubuhi, hata kama inasema tu maziwa yamechemka yakamwagika.

Baraza likawapa hati. Mwenyekiti alipoitia saini alimwambia Mpambaji kwamba amefundisha miaka mingi, na wanafunzi wanaokaa nyuma kimya humtia wasiwasi siku zote. Mpambaji alipoinuka mikono yake ilikuwa imekufa ganzi, akashindwa kuipokea karatasi, ikabidi seremala amwekee kwenye pochi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama wakili alivyoeleza, polepole lakini bila kupotea njia. Ombi likafunguliwa. Kipaza akapelekewa nakala, na alijibu kwa maandishi mafupi kwamba hapingi. Wakili alilisoma jibu lile mara kadhaa akiamini kuna ukurasa umesahaulika. Kuhusu mali wakakaa pamoja ofisini kwake, mbele ya feni: spika za Kipaza, vitambaa na matao ya Mpambaji, nyumba iuzwe wagawane, gari la mizigo litumike kwa zamu. Waligombania kitu kimoja tu, ngazi, kila mmoja akishikilia ichukuliwe na mwenzake. Mwishowe Kipaza akasema aichukue Mpambaji, ila awe anainyanyua kwa kukunja magoti. Mpambaji akacheka. Hakuwahi kumsikia Kipaza akikumbuka jambo alilolisema mkewe.

Siku ya kusikilizwa ilifika. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko ukumbi wowote waliowahi kupamba, na Mpambaji aliona mara moja kwamba pazia la dirishani limefungwa kichwa chini. Akaliacha. Hakimu alikuwa mama mmoja mwenye uso usioonyesha kitu, na kweli, aliandika kila neno kwa mkono, na mara mbili alimwambia Mpambaji angoje. Mpambaji alingoja kwa raha zake. Alisimama wima kizimbani, akasema yote bila kukwama, akajibu alipoulizwa, akanyamaza alipomaliza, na kunyamaza huko kulikuwa kwake mwenyewe.

Hakimu akamgeukia Kipaza, akamuuliza kama ana la kusema. Karani wa mahakama aliinua kichwa, kwa kuwa Kipaza ndiye aliyeongoza harusi yake. Askari mlangoni akasogea ndani. Shangazi, aliyekaa nyuma na pochi yake na pengine na kofi lake, akafumba macho. Kipaza akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa," alisema, "aliyoyasema ndiyo hayo. Ameyasema mwenyewe, nami sina la kuongeza."

Akakaa. Hakimu, ambaye hakujua ameshuhudia nini, akaandika. Mpambaji alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze, na machozi yenyewe yalikuwa ya mtu aliyepewa zawadi aliyoacha kuitegemea. Siku ya hukumu hakimu alisema ameridhika kwamba ndoa hii imevunjika kiasi cha kutotengenezeka, na kwamba wahusika wameachana kwa heshima kuliko wengi wanavyooana. Akatoa amri ya talaka. Shangazi alipiga kigelegele koridoni, askari akamwonya, akapiga cha pili kwa sauti ya chini.

Nje, kwenye ngazi za mahakama, Kipaza alikuwa amesimama na tai yake imepinda vibaya. Mikono ya Mpambaji ikainuka. Safari hii aliiona ikiinuka, akaishusha.

"Tai yako imepinda," alimwambia.

Kipaza akashukuru, akainyoosha mwenyewe. Ikapinda upande wa pili.

Mnadhani yameishia hapo? Watu wa mji ule hawana haya. Harusi iliyofuata iliwataka wote wawili, na kazi ni kazi. Ukumbi ulijaa, matao yalisimama, Kipaza akawa kwenye kilele chake, wageni wakicheka hadi kushika meza. Bibi harusi wa siku hiyo alikuwa mjane wa makamo aliyepata bahati ya pili, na ama hakuwa na habari, ama alikuwa nazo zote. Akaomba aulize swali. Akasema angependa kusikia kutoka kwa mama aliyepamba ukumbi huu mzuri, siri ya ndoa ni nini.

Ukumbi ukapoa. Kipaza aliinua kipaza sauti mdomoni. Mpambaji, kando ya zulia na kikapu chake, alisikia zile spika zikivuta pumzi. Halafu Kipaza akakishusha. Akavuka ukumbi wote kwa viatu vyake vinavyong'aa, akafika mbele yake, akamkabidhi kipaza sauti, na kwa kuwa mtu hawezi kushika vyote, akampokea kikapu.

"Mimi nimeachika juzi tu," alisema Mpambaji, na sauti yake ikajaa ukumbi mpaka ikamshtua mwenyewe. "Sijui kama mmemwuliza mtu anayefaa."

Watu wakaangua kicheko. Akawangoja wamalize, kama alivyojifunza kwa hakimu.

"Lakini jibu ninalo, nimekaa nalo siku nyingi. Muulize mwenzio wapi panapomuuma. Halafu nyamaza, umwache ajibu."

Bibi harusi alimgeukia mumewe, akamtazama. Bwana harusi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia. Kisha ukumbi mzima ukainuka, na Kipaza naye alitaka sana kupiga makofi, lakini mikono yake ilikuwa imejaa maua.